Dalali kasema Bikira Maria atoke bustanini kabla ya kupiga picha za nyumba. Wakuu naombeni ushauri

MLETA UZI

Wakuu heshima kwenu. Uzi utakuwa mrefu, naombeni mnivumilie kwasababu jambo hili limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa na hapa nilipo sina wa kuongea nae kwa lugha yangu nikaeleweka.

Niko Brooklyn, New York, mwaka wa 6 huu. Kazi yangu kulea wazee majumbani. Miaka 4 nimekaa na bibi mmoja wa Kiitaliano mtaa unaitwa Carroll Gardens, kamaliza safari yake mwezi wa pili akiwa na miaka 89, mimi nilikuwepo na mkono nilimshika. Sasa watoto wanauza nyumba. Siwalaumu, nyumba za mawe ya kahawia mtaa ule zinauzwa kwa mamilioni ya dola, na wao wenyewe walishahamia Staten Island zamani kama nusu ya Waitaliano wa Brooklyn walivyofanya baada ya daraja la Verrazzano kufunguliwa 1964. Wana maisha yao kule.

Tatizo ni sanamu. Bustani ya mbele kuna Bikira Maria wa saruji, ananifika kiunoni, mikono ameishusha ameifungua, mguu umemkanyaga nyoka. Sisi tungemwita Mama wa Neema. Nyuma yake limesimama bafu la chuma, yale ya zamani ya kuogea yenye miguu, limefukiwa nusu ardhini likawa kama kijipango, ndani limepakwa bluu. Mkishangaa bafu, hii ni kawaida huku, enzi watu wanang'oa mabafu ya zamani kuweka mapya wakaona chuma kizito vile kutupwa ni hasara, kwahiyo ukienda hata Somerville kule Massachusetts utawaona Bikira Maria wa mabafu wamejipanga mtaa mzima, Waitaliano na Wareno.

Dalali kaja na mpiga picha, kaangalia, kamwambia mtoto wa bibi atoe "hiyo" kabla ya Ijumaa ijayo, mnunuzi anataka aone bustani tupu ajiwazie mwenyewe atakavyoitengeneza. Mtoto wa bibi kaniuliza mimi kama naitaka, la sivyo watu wa takataka watalipwa waichukue. Naishi chumba kimoja ghorofa ya 5, sina hata balkoni. Niichukue niiweke wapi? Niache ivunjwe? Mngekuwa nyie mngefanyaje?

MDAU WA 2

Pole kwa msiba dada. Ila ni saruji tu hiyo mkuu, kanunue nyingine ndogo ya plastiki weka mezani maisha yaendelee. Wewe si ndugu wa marehemu, mambo ya nyumba waachie wenyewe.

MLETA UZI

Nashukuru mkuu. Ngoja nieleze kwanini sio saruji tu.

Mume wa bibi alikuwa kuli bandarini Red Hook. Wote wawili wametoka Mola di Bari, mji wa wavuvi kusini mwa Italia, na Wamola walijaa mtaa ule hasa baada ya vita ya pili, wanakutana mji uleule ng'ambo ya bahari, ukioa unaoa binti wa mtaa uliouacha. Basi siku moja yule baba akaanguka ndani ya tumbo la meli. Bibi hakuwahi kuniambia mwaka, alikuwa anasema tu "mwaka wa mtoto wa pili". Madaktari wakasema hatatembea. Bibi akaweka nadhiri kwa Bikira Maria, kwamba mume wangu akisimama tutakuweka mlangoni kila apitaye akuone. Baada ya miezi kadhaa akasimama. Yule sanamu ni deni lililolipwa, na saruji ya msingi wake mzee aliikoroga mwenyewe akiwa bado anatembelea fimbo. Kuna alama ya vidole vyake vinne pale chini kwenye msingi, upande wa ukuta, huioni mpaka upige magoti kung'oa majani.

Na kila mwaka mwezi wa nne mwishoni anapakwa rangi ili Mei imkute safi. Vazi nilikuwa napaka mimi miaka hii ya mwisho, nyoka napaka mimi, bafu napaka mimi. Uso hapana. Bibi analetwa na kiti chake mpaka pale, namshika kiwiko, anachukua kibrashi kama cha wanja, anaanza na nyusi. Mkono unatetemeka lakini ukifika kwenye uso unatulia, sijui niseme nini, nimeuona kwa macho yangu ukitulia. Pua ilikuwa imemeguka kidogo kwa baridi ya zamani, hakukubali izibwe. Alisema wote tumezeeka.

MDAU WA 3

Dada naheshimu ila niulize kwa nia njema, mimi Mlutheri wa Bukoba. Kutoka 20 imeandikwa usijifanyie sanamu ya kuchonga. Huoni hapa ndio Mungu anawafungulia mlango wa kuachana nayo?

MLETA UZI

Ndugu yangu nimekusikia na sijachukia. Nitajibu mara moja tu, uzi usije ukageuka wa madhehebu. Bibi alikuwa anajua ile ni saruji kuliko mtu yeyote, mumewe ndie aliyekoroga. Haombi saruji. Ni kama mimi nikibusu picha ya marehemu mama yangu, sijambusu karatasi.

MDAU WA 4

Mimi Muislamu wa Tanga, kwetu hayo hayapo kabisa, ila nadhiri naielewa. Nadhiri ya mtu haichezewi dada. Kama bibi aliahidi "kila apitaye akuone", basi kumfungia stoo au kumpeleka chumbani kwako hujaitimiza hiyo ahadi hata kama umemuokoa na takataka. Fikiria hapo.

MLETA UZI

Mkuu umenigusa mahali, nimeisoma sentensi yako mara tatu. Subiri nirudi kwenye hilo.

MDAU WA 5

Niko Bronx mwaka wa 28. Mtanisamehe kuharibu hali ya hewa. Hao Bikira Maria wa bustanini mnaowalilia, sisi watu weusi tulipokuja walikuwa ndio alama ya "hapa usipite". Tarehe 23 Agosti 1989 kijana Yusef Hawkins, miaka 16, alikwenda Bensonhurst hapohapo Brooklyn kuangalia gari kuukuu la kununua, akazungukwa na kundi la vijana wa mtaa akapigwa risasi akafa. Watu walipoandamana kudai haki, wenyeji wakasimama pembeni wanawazomea wameinua matikitimaji juu, huku hilo ni tusi la kibaguzi kwa mtu mweusi. Mtaa wa Waitaliano ule, sanamu kila uwanja. Bikira Maria alikuwa anaangalia. Kwahiyo mtaa ukibadilika mimi machozi hayanitoki.

MLETA UZI

Kaka shikamoo. Hujaharibu kitu, hili lilitakiwa kusemwa na nashukuru limesemwa na mtu aliyekaa huku siku nyingi.

Ni kweli. Mwaka wangu wa kwanza pale kuna mzee mmoja jirani alikuwa akinikuta nafungua geti ananiuliza naenda wapi, kila asubuhi, wakati ananijua. Ile bustani iliyopangwa, sanamu, bendera ya Italia, ilikuwa inasema hapa ni petu, na neno "petu" lina upande wake mbaya. Na hao hao walishawahi kufanyiwa. Waitaliano walipofika East Harlem, kanisa la Bikira Maria wa Mlima Karmeli barabara ya 115 walilijenga kwa mikono yao, halafu wakasalishwa chini kwenye besimenti miaka na miaka, mapadri na wakubwa wa Kanisa waliona ibada zao za sanamu na maandamano ni za kishamba. Mama mwenyewe alikaa besimenti miaka mingi ndipo akapandishwa juu. Mtu aliyefichwa besimenti akipata kiwanja cha mbele anamuweka Mama yake nje kabisa pasipo na wa kumshusha. Naelewa ilipotoka. Kilichompata Yusef hakina maelezo, na siwezi kukuambia ulie kaka yangu.

Ila ngoja niseme nilichokiona mimi kwenye lile dirisha miaka 4, maana kitanda cha bibi kilihamishiwa chumba cha mbele na mimi kiti changu kilikuwa pale, siku nzima tunaangalia barabara.

Kwanza mjue kwanini sanamu mtaa ule zinaonekana hivyo. Mwaka 1846 ilipitishwa sheria baadhi ya mitaa pale nyumba zijengwe nyuma, futi 33 na ushee kutoka mstari wa barabara, ndio maana kuna bustani ndefu mbele wakati sehemu nyingi za mji huu ukitoka mlangoni umeshakanyaga lami. Mtaa wenyewe hilo jina la Carroll Gardens limeanza miaka ya 1960, madalali na wakazi wapya walipotaka kuutenganisha na Red Hook ya makuli. Bibi hajawahi kulitamka. Alikuwa anasema South Brooklyn, basi. Barabara kuu ya BQE ilishakata eneo vipande, kontena zikaja, kazi za meli zikahamia New Jersey, makuli wakabaki na mgongo mbovu na nyumba. Watoto wakasoma wakaondoka. Duka la soseji la Court Street lililofunguliwa 1922 limefungwa 2015. Sasa hivi majirani wengi ni watu wa benki, wanasheria, Wafaransa wengi kweli, shule ya msingi ya serikali ya mtaa ina mkondo wa Kifaransa. Watu wazuri tu, wananisalimia kuliko yule mzee. Wakinunua nyumba wanatoa sanamu, wanaweka mawe meupe na yale majani marefu yanayopeperuka.

Sasa kwenye dirisha. Asubuhi saa moja na nusu treni ya F inashusha akina dada, Watrinidad, Wahaiti, Wafilipino, wanakuja kulea watoto wa hizo nyumba. Kuna mmoja Mhaiti, kila siku akipita na kigari cha mtoto wa watu anasimama getini sekunde tano, anagusa chuma cha uzio, anaondoka. Kuna kijana wa Meksiko wa kupeleka chakula na baiskeli ya umeme, huyo habari yake nyingine, hata kama mvua inanyesha, hata kama kachelewa, anapunguza mwendo anavua kofia ngumu anapiga ishara ya msalaba anaivaa. Mafundi wa Ekwado wa nyumba ya jirani walikuwa wanakula chakula cha mchana wameegemea ukuta wetu na mmoja aliacha ua la plastiki. Bibi akasema usilitoe. Yule bibi ambaye zamani labda angeita polisi, siwezi kumtetea, nasema labda. Mwisho wa maisha yake akawa ananiuliza, "yule wa baiskeli kapita?" Asipopita anakosa amani.

Waitaliano waliokuwa wanamsalimia Mama yule walishakwisha. Waliobaki kumsalimia ni watu wanaoingia mtaa ule asubuhi kufanya kazi na jioni wanatoka, mtaa ambao hata mshahara wa miaka kumi haununui choo chake. Wenye uwezo wa kuishi pale hawamhitaji, wanaomhitaji hawawezi kuishi pale. Nikiwa mmojawapo.

MDAU WA 5

Shikamoo imeitikiwa, marahaba mdogo wangu. Nimesoma hiyo yote. Msimamo wangu kuhusu Bensonhurst uko palepale. Ila huyo kijana wa baiskeli usimuangushe.

MDAU WA 6

Naunga mkono. Mimi huwa naenda ile sikukuu ya East Harlem uliyoitaja, tarehe 16 Julai. Waitaliano wanaokuja siku hizi wachache, wanatoka mbali na magari. Barabara inajaa Wahaiti, wanakuja kwa mabasi hadi kutoka miji mingine, wamevaa bluu na nyeupe, kwasababu kwao Haiti hiyo hiyo ndio siku kuu ya hija ya Saut-d'Eau, kule kwenye maporomoko. Bila wao Mama yule leo angekuwa anazungushwa na watu ishirini. Kwahiyo unachokisema kimeshatokea sehemu nyingine, wageni ndio wameishika.

MDAU WA 7

Kwa nini usipeleke kanisani? Kuna parokia hapo karibu ya Sacred Hearts and St. Stephen, ndio ya hao Wamola, Septemba huwa wanamtoa yule Mama wa Mateso mwenye joho jeusi na kisu moyoni wanazunguka nae na bendi ya matarumbeta hadi Court Street. Watapokea tu.

Au Rosebank kule Staten Island, lile groto (pango la ibada) la Mlima Karmeli lililojengwa kuanzia 1937 na Vito Russo na wenzake kwa mawe, kokoto, gololi na vioo vya baiskeli. Watu huwa wanapeleka sanamu zao pale, na liko kwenye orodha ya serikali ya maeneo ya kihistoria tangu 2000.

MLETA UZI

Asante sana kwa hizi. Rosebank niliwahi kwenda na bibi, ni pazuri, mishumaa imejaa hata siku ya kazi, na mtaa wenyewe umebadilika lakini watu wanaingia tu, geti halifungwi kwa kabila. Ila ni mbali na kijana wetu. Kanisani nilipiga simu, mzee wa ofisini akanijibu vizuri kabisa, akasema tangu nyumba zianze kuuzwa wanaletewa sanamu karibu kila mwezi, stoo imejaa Antoni wa Padua, Lusia na sahani yake ya macho, Padre Pio ndio usiseme. Hawana pa kuziweka.

Halafu nikuambieni kitu. Jana nilikwenda kufunga mabegi ya nguo za bibi nikamkuta mtoto wake wa kiume, miaka 60 na kitu, yupo bustanini ameinama anachimba na kijiko cha jikoni. Anafukia kale kasanamu kadogo ka Mtakatifu Yosefu kichwa chini miguu juu, huku wanaamini nyumba inauzika haraka ukifanya hivyo. Aliponiona akasimama akajipangusa magoti. Akasema "mama angetaka." Mtu huyu ndio aliyesema Bikira Maria achukuliwe na takataka. Nikajua hajamkataa Mama yake, kinachomshinda ni kumuangalia. Nikamuonesha vile vidole vinne kwenye msingi. Hakuwa anajua! Miaka yote amekulia nyumba ile, hajawahi kung'oa majani upande ule. Akaweka mkono wake juu ya alama, vidole vikaingia sawasawa. Tulikaa pale kimya mpaka simu yake ikaita.

MDAU WA 4

Allah awape subira. Msingi na sanamu visitenganishwe basi.

MDAU WA 2

Nafuta kauli yangu ya juu. Umefikia wapi dada?

MLETA UZI: MREJESHO

Wakuu samahani kwa ukimya, ovataimu ilinibana.

Nilifuata ushauri wa mkuu wa Tanga, kwamba ahadi ni kila apitaye aone. Nikaacha kutafuta mtu wa kumchukua nikatafuta bustani iliyo barabara ile ile. Nyumba ya nne kutoka ya bibi kuna mama wa Puerto Rico, mjane, yuko pale toka miaka ya 1970, nyumba ni yake na kasema hauzi akiwa hai. Ana Antoni wake pembeni ya mtini. Mti wenyewe aliachiwa na Muitaliano aliyemuuzia, na kila baridi anaufunga mablanketi na kuufunika ndoo kichwani kama alivyofundishwa. Nikagonga. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, hakuniacha hata nimalize, akasema huyo mama alinipikia mchuzi siku niliyozika mume wangu, mlete.

Kumhamisha sio mchezo. Mtoto wa bibi kaleta toroli na jamaa wawili, wale mafundi wa Ekwado wakaacha kazi yao wakaja wenyewe bila kuitwa. Bafu tuliliacha, chuma kimeoza chini, lilipovutwa likapasuka. Msingi tulichimba na mtaimbo kutwa nzima ukatoka mzima, vidole vinaonekana. Sasa tumeuweka vidole vikiwa upande wa barabara. Hilo lilikuwa ombi la mtoto wa bibi.

Nyumba ya bibi picha zimeshapigwa, bustani tupu kama walivyotaka, limebaki duara la udongo mweusi.

Jumatatu nilikwenda makusudi, nikasimama ng'ambo. Yule kijana wa baiskeli kaja, kapunguza mwendo palepale pa siku zote, mkono umeshafika kwenye kofia, akaona hakuna. Akasimama kabisa mguu chini. Nikampigia kelele kwa Kispanyola changu kibovu, más allá, más allá, yaani mbele zaidi, nikamuonesha kwa kidole. Akasukuma baiskeli kwa mguu nyumba nne mbele.

Rangi tunapaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mwenye nyumba kasema nije saa nne asubuhi. Bluu tumepata, nyeupe ipo. Kibrashi cha bibi ninacho, mtoto wake kanipa kikiwa kwenye kopo la nyanya. Kasema na yeye anakuja. Tumekubaliana uso ataanza yeye, mimi nitamshika kiwiko akihitaji.